Ufunguo wa Chumba cha Wanawake

Wanawake wa sokoni walimwita Sindano, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Enzi za usichana wake alikuwa mwembamba, mkimya, lakini akifungua mdomo lazima mtu aruke. Hiyo ilikuwa kabla hajaolewa na muuza vyuma. Miaka ikaenda, jina likabaki, kuchoma kukaisha. Mgeni akisikia anaitwa Sindano alidhani ni kwa ajili ya cherehani tu.

Cherehani yenyewe ilikaa barazani, chini ya bati, uso kwa uso na duka la mumewe. Mume ndiye aliyechagua pale, akasema jua halifiki. Kweli jua halikufika. Macho yake yalifika. Kutwa nzima alikaa kwenye kiti chake kati ya makufuli, bawaba na misumari, na mteja wa kiume akichelewa kidogo pale kwenye cherehani, kikohozi kilivuka njia. Si cha mafua. Sindano alikijua kikohozi kile kama mtoto anavyoijua kengele ya shule. Akikisikia, mkono wake ulirudi kwenye kitambaa wenyewe.

Muuza vyuma alikuwa mwenyekiti wa soko, na alipenda kuitwa hivyo hata ndani ya nyumba yake. "Mwenyekiti, chakula tayari." "Mwenyekiti, maji ya kuoga yako bafuni." Alikuwa mtu wa watu. Kwenye msiba yupo, kwenye ugomvi wa wauzaji yupo, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hata kwake hakupaza. Kumpiga mkewe alimpiga mara chache, tena mahali pasipoonekana. Kazi yake hasa ilikuwa kufunga. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja na makufuli mawili, na siku ambazo soko halikufunguliwa, yeye akitoka kwenda zake, yote mawili yalifungwa kwa nje.

"Usalama wako huo, mke wangu. Siku hizi wezi wengi."

Kabati la sukari lilikuwa na kufuli. Simu ilikaa mfukoni mwa Mwenyekiti, na binti yao aliyeolewa mbali akipiga, baba alipokea kwanza, akaongea, akacheka, ndipo akamshikia mama simu sikioni kama mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Kuna siku jirani alichoma takataka, moshi ukajaa ndani. Sindano alisimama dirishani ameshika nondo, anakohoa mpaka machozi. Mwenyekiti alifika kwa mwendo wake wa taratibu, akafungua, akamtazama.

"Unaona? Ungekuwa nje ungeungua."

Usiseme hakujaribu. Siku moja Mwenyekiti akiwa msibani, alikwenda kwa kaka yake. Kaka alimkaribisha chai, akamsikiliza vizuri mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dada yangu, mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu nyingine huozea mtini, kaka."

Lakini kaka alikuwa ameshainuka kutafuta viatu, amsindikize dada yake kwa shemeji kabla jua halijazama, isije ikaonekana vibaya. Kituo cha polisi nacho kilikuwa karibu tu, ila mkuu wa kituo chai ya asubuhi aliinywa kwenye duka la vyuma. Sasa hapo mtu aende wapi?

Ndipo ilipokuja Tume. Wenye kumbukumbu wanajua ilitoka wapi, maana haikushuka kama mvua. Vichochoro vya soko vilikuwa na giza, wanawake wakivutwa mikoba na kushikwa miili, mpaka msichana mmoja muuza ndizi akaumizwa vibaya. Siku ile wanawake waliacha meza zao, wakaenda hadi jengo la jiji wakigonga masufuria. Mwenye biashara ya mayai alikwenda na mayai yake kichwani, akasema hana pa kuyaacha, na wakubwa wakitaka ugomvi silaha anayo. Baada ya kelele zile jiji likaunda Tume ya Haki na Usalama wa Wanawake. Na Tume, tuseme haki, ilifanya kazi. Taa zikawekwa, milango ya vyoo ikapata komeo. Karibu na lango kuu kikajengwa chumba cha matofali: kitanda, benchi, maji, na simu ya mezani ya kuipigia Tume. Mwanamke anayefukuzwa au aliyepigwa aingie, ajifungie kwa ndani, apige simu.

Wazo zuri kabisa. Lakini soko lile lilikuwa na desturi kongwe kuliko Tume: ufunguo wa kitu cha wote hukaa kwa mwenyekiti. Wa bomba, wa vyoo, wa stoo ya mafagio, wote kwenye pete moja kiunoni mwake. Kwa hiyo afisa wa Tume alipokuja na ufunguo mpya unaong'aa, akauliza, "Hapa funguo hutunzwa na nani?", watu wote walinyoosha kidole upande mmoja. Hata Sindano. Mkono wake uliinuka kabla akili haijafika. Afisa alikuwa na masoko mengine ya kwenda, akamkabidhi Mwenyekiti, akaweka sahihi, akaondoka.

Mama Vitunguu, aliyepanga mafungu yake pembeni ya cherehani, aliguna.

"Fisi kakabidhiwa bucha, na sisi tumempigia makofi."

"Nyamaza, atakusikia," Sindano akamwambia.

"Asikie! Mimi ananitisha na nini? Mume wangu alishakufa, hata kunikoromea hawezi."

Haikuchukua muda, mke wa mchukuzi mmoja alifika jicho limevimba, khanga imefungwa upande. Alisimama mbele ya duka la vyuma akaomba ufunguo. Mwenyekiti alimpa kiti. Akampa maji. Akasema, "Mumeo namfahamu, ni kijana wangu. Subiri." Kisha akatuma aitwe. Mchukuzi akaja, akaomba radhi mbele ya mzee, akamshika mkewe mkono, wakaondoka. Mwenyekiti akajipangusa mikono kama aliyemaliza kazi. Toka hapo hakuna mwanamke aliyeomba tena ufunguo ule. Sindano aliyaona yote huku akikunja pindo la gauni, na aliporudi kulitazama, alikuwa ameshona mbele na nyuma pamoja.

Basi ikawa hivyo, hadi Mwenyekiti alipoleta habari mbili mezani kwa wakati mmoja. Ya kwanza: Kamishna wa Tume mwenyewe anakuja kukiona chumba, na wakiridhika, utaratibu wa soko hili ndio utakaopelekwa masoko yote ya jiji. Ya pili aliitoa huku akichagua mfupa.

"Ugeni ukiisha, cherehani inarudi nyumbani. Utashonea ndani."

"Wateja je, Mwenyekiti?"

"Nitakuletea mimi. Nguo nitazileta, nguo nitazirudisha. Barazani pale panakuchosha."

Sindano aliendelea kutafuna. Baraza lile la kikohozi na macho ndiyo hewa pekee aliyokuwa nayo: kelele za watu, matusi ya Mama Vitunguu, mtoto wa mteja anayechezea vifungo. Likiondoka, zinabaki kuta na makufuli mawili, kila siku, mpaka siku atakayotolewa amelala.

"Tena," Mwenyekiti akaongeza, "neno la shukrani utalitoa wewe. Mke wa mwenyekiti ndiye sauti ya wanawake. Nitakufundisha."

Akamfundisha. Akikoroga sufuria, anarudia. Akifua, anarudia. "Sisi wanawake wa soko hili tunaishi kwa amani. Chumba kipo, mlango upo, ufunguo upo." Akikosea, alianzishwa upya kama mtoto wa chekechea.

Siku ya ugeni wakapanga viti mbele ya kile chumba. Kamishna alikuwa mama mnene mwenye miwani na miguu inayomuuma, alikaa akashukuru Mungu. Pembeni yake yule afisa. Mwenyekiti alivaa koti. Alihutubia vizuri, huyo kipaji anacho. Kamishna akauliza:

"Mwenyekiti, tangu chumba kifunguliwe, wangapi wamekitumia?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Hapa kwetu kuna amani."

Makofi yakapigwa. Wachukuzi walipiga kwa nguvu zaidi. Afisa akatabasamu, na Kamishna akaitikia kwa kichwa kama mtu anayetaka kuamini kwa sababu miguu inauma.

Sindano akaitwa. Akasimama, mikono kifuani, akaanza.

"Sisi wanawake wa soko hili tunaishi kwa amani. Chumba kipo. Mlango upo. Ufunguo upo."

Hapo palikuwa pa kukaa. Hakukaa. Aliona kiti chake, akaona ng'ambo ya kiti cherehani imeshafungwa kamba tayari kubebwa, akajua akikaa ndiyo amekaa moja kwa moja.

"Ufunguo upo kwa mume wangu," akasema.

Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa mke kwa mumewe. Akageuka, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba ufunguo."

Kikohozi kikatoka. Mkono wake haukurudi.

Mwenyekiti si mtu wa kukamatwa kirahisi. Akacheka kuliko wote. "Mke wangu ana haraka, anataka kuwaonyesha wageni chumba! Karibuni, karibuni." Akaufungua mlango yeye mwenyewe, pete ya funguo ikabaki kidoleni. Wageni wakaingia. Ndani, kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Kila mahali marundo ya nondo, magunia ya misumari, madebe ya rangi. Simu ilikuwa chini ya boksi la bawaba.

"Nimehifadhi kidogo tu, mheshimiwa, kwa vile hakitumiki. Kesho naviondoa."

Kamishna akakunja uso. "Viondolewe kweli," akasema, na hiyo sauti ilikuwa ya mtu anayefunga mjadala. Wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Sindano aliona mlango unajaa migongo, mwanga unapungua, na neno "kesho" limeshapokelewa. Hivyo ndivyo alivyorudishwa na kaka, hivyo ndivyo alivyorudishwa mke wa mchukuzi: kwa adabu.

Akaketi juu ya gunia la misumari.

"Mke wangu, wageni wanaondoka."

"Nenda nao. Mimi nimekuja kukaa."

Kamishna akageuka mlangoni. "Kukaa vipi, mama?"

"Kama wale mliowajengea."

Waliokuwa wakitoka wakarudi mlangoni. Mwenyekiti akatabasamu kwa wageni, halafu akateremsha sauti. "Mambo ya nyumbani tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani ndiko ninakofungiwa," Sindano akasema. "Makufuli mawili, kwa nje. Na leo mnaniona hapa na cherehani imeshafungwa kamba, inanitangulia."

"Mheshimiwa, huyu hajisikii vizuri siku hizi..."

"Anajisikia!" Mama Vitunguu akapaza sauti kutoka nyuma. "Tena leo ndiyo kapona!"

Kamishna akavua miwani. Alimtazama Sindano, akautazama mlango, akamtazama afisa wake, na afisa akatazama viatu.

"Chumba hiki tulimpa nani ufunguo?"

"Mwenyekiti, mheshimiwa. Ndiyo desturi yao."

"Ukauliza wanawake?"

"Niliuliza watu wote kwa pamoja. Hakuna aliyepinga."

Kamishna akanyoosha mkono kwa Mwenyekiti. Na yule mtu aliyeliuzia jiji zima makufuli akashindwa kutoa ufunguo mmoja kwenye pete yake. Kucha ziliteleza. Pete ilifunguka kidogo ikambana kidole. Watu wote wakimtazama, jasho likaingia kwenye kola ya koti. Mwishowe akautoa, na Kamishna akapita nao mbele yake, akauweka kwenye kiganja cha Sindano.

"Leo hapa si pazuri, lakini ni pako. Afisa wangu atakaa nawe ndani, kitanda kitashushwa. Asubuhi nitakuja na gari, tutakupeleka nyumba ya Tume. Huko mumeo hana ufunguo. Ya mbele zaidi siwezi kukuahidi, mama. Tutayatafuta pamoja."

"Kwani nilikuwa na ya mbele?" Sindano akajibu, na Kamishna akashindwa kujua acheke au la.

Wakajifungia, Sindano na yule afisa. Kijidirisha kilikuwa juu, chenye nondo, na chumba kilinuka kutu. Alikuwa ametoka kwenye kufuli akaingia kwenye kufuli, hilo alilijua. Afisa, binti wa watu, alihangaika kushusha kitanda, akajibana kidole, akatamka neno ambalo Tume haikumfundisha. Sindano akamsaidia. Nje sauti zilipungua, meza zikaanza kufunikwa.

Kisha mlango ukagongwa. Si kwa nguvu. Mwenyekiti hakuwahi kugonga mlango wowote maishani mwake, ilisikika kama mtu anayejifunza.

"Nani?" Sindano akauliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo. Fungua nitoe mali yangu. Kuna mteja wa nondo."

Sindano aliutazama ufunguo kiganjani. Kikohozi kilipokuja kupitia ubao wa mlango, aliinuka nusu, kwa mazoea. Halafu akakaa tena.

"Mwambie mteja aje kesho," akasema. "Leo kumefungwa."

Viatu havikuondoka mara moja. Alivisikia vikisogea, kimoja kisha kingine, pale nje, vikingoja.