Giaboksi Chini ya Kuku

Zedekiah hakuwa na digrii, wala hakuwahi kuona haya kwa kuikosa. Alishawaona walio nazo wakimimina oili kwenye tangi la maji. Kangemi nzima, kutoka sokoni hadi kule chini mtoni, ilimjua kama mzee anayesoma chuma. Ukimletea injini hakuuliza imetoka wapi. Aliipangusa kwa kitambaa, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akainama kutazama namba iliyopigwa ubavuni, kisha akakwambia ilizaliwa na gari gani na ikaolewa wapi baada ya hapo.

Ndiyo maana matajiri wa mtaa wa Karen, walioshikwa na homa ya magari ya zamani ya mbio, walimtafuta. Chama chao kilikuwa na fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja ambao bila sahihi yake haukupita: injini na giaboksi ni zile zile zilizotoka kiwandani, au zimebadilishwa?

Agosti ya 2003 akaitwa na Thuo, mkubwa fulani wa benki huko Upper Hill. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la mwaka 1973, namba kumi na tisa mlangoni, nalo lililala huko Karen katika gereji yenye vigae vizuri kuliko sebule ya mchungaji. Zedekiah alilitambua turubai likiwa bado halijatoka lote. Pasaka ya 1974 alikuwa fundi wa gari hilo hilo kwenye mbio za Safari, siku zote zile za mvua na matope. Hakusema. Aliinamia injini, akapangusa, akagonga.

"Injini ni yenyewe," akasema.

"Hiyo nilijua," Thuo akajibu, kama wajuavyo watu wa benki. "Sasa kuja uone giaboksi."

Juu ya meza kulikuwa na giaboksi mbili. "Hii ndio ilikuwa ndani," Thuo akaeleza, "lakini namba yake haifanani na karatasi za kiwanda. Hii ingine ndio orijino. Kuna jamaa alinitafutia miezi sita."

Zedekiah akaanza na ile iliyotoka ndani ya gari. Akapitisha kidole gumba chini yake, pale asipopatazama mtu. Kidole kikakuta herufi Z, na kando yake nukta moja.

Mafundi wa timu zile walikuwa na desturi. Ukifunga giaboksi, unachukua ponchi, kile kimsumari cha chuma kigumu, unapiga herufi yako na nukta moja. Ukiifungua na kuifunga tena, unaongeza nukta. Hakuna aliyewaamuru, ni vile tu mtu hupenda kuulizwa kazi yake.

Hiyo nukta moja aliipiga mwenyewe njiani kule Taita. Jiwe lilikuwa limepasua giaboksi ya kiwandani, naye akalala kwenye tope na kufunga ya akiba kwa dakika kumi na nane. Gari likamaliza mbio wakati magari mengi yamebaki yakivutwa kwa trekta. Magazeti yakamwandika dereva, yakamwandika msoma ramani, yakamwandika hata mwenye hoteli waliyolala. Zedekiah alitokea kwenye picha moja, mguu wa kushoto, ukichungulia chini ya gari. Katika dunia nzima, ushahidi wa zile dakika kumi na nane ulikuwa ni hiyo Z na huo mguu.

Akageukia ile "orijino." Namba zilikuwa sawa kabisa na karatasi, tena zimejipanga kama watoto wa gwaride. Na giaboksi yote imepakwa kutu ili ionekane imeishi.

"Bwana Thuo, hii ni alumini."

"Ndio."

"Alumini haishiki kutu. Mtu amekwangua kutu ya mabati, akaibandika na gundi."

Thuo akakwaruza kwa ukucha, akautazama ukucha, akaurudisha mfukoni. "Mzee, hayo ni maoni. Namba ni namba. Kama kuna ingine iko na hiyo namba, nionyeshe. Kama hakuna, Jumatatu nafunga hii, na hiyo ilikuwa ndani naitupia watu wa skrepa."

Zedekiah aliijua giaboksi yenye namba hiyo. Ilikuwapo. Shida ni mahali ilipokuwa.

Ile iliyopasuka aliichukua mwaka ule ule wa 1974. Aliomba ruhusa kwa sauti ya chini mno, na kwa kuwa hakuna aliyekataa, akaipeleka nyumbani. Upande wa klachi una mdomo mpana kama sufuria, basi mkewe, Nakhumicha, akaisimamisha uani, akaijaza majani makavu. Kwa miaka ishirini na tisa kuku wake hawakukubali kutagia kwingine.

"Mama Lenox," Zedekiah akamwambia jioni ile, "naomba ile giaboksi kidogo."

"Tetea ameatamia. Siku ya kumi na nne."

"Nitamwinua polepole."

"Baba Lenox, mguse uone."

Kwa hiyo ikabidi benki iende kwa kuku. Jumamosi asubuhi Thuo aliketi kwenye kigoda uani Kangemi, viatu vyake vinavyong'aa vimepangwa mbali na matope, chai na viazi vitamu mkononi, akingoja tetea apate njaa.

"Huwa anatoka saa ngapi?" akauliza.

"Akitaka," Nakhumicha akamjibu. "Wewe kwa benki si huwa mnatungojesha?"

Thuo akala kiazi cha pili.

Karibu saa nne tetea akasimama, akajikung'uta, akamtazama mkubwa wa benki bila kuvutiwa, akaenda kwenye mtama wake. "Robo saa," Nakhumicha akasema. "Mayai yakipoa, mtaatamia nyinyi."

Zedekiah akapiga magoti, akakwangua mavi ya kuku kwa kijiti na kupangusa kwa maji. Namba ikaanza kutokea, tarakimu zimepindapinda, kila moja na urefu wake. Thuo akachuchumaa na karatasi yake, kisha goti moja likagusa chini, kisha la pili. Akasoma namba, akasoma karatasi, akaanza upya. Akaingiza kidole kwenye ufa ambao jiwe la Taita liliuacha.

"Na hii ilikuaje ikafika hapa?"

"Niliiba," Zedekiah akasema. Nakhumicha, aliyekuwa ameambiwa ni zawadi, akamtazama kwa jicho la kumwekea deni.

Zedekiah alipomaliza kumsimulia Thuo jiwe la Taita na ile Z, tetea akarudi na kuwafukuza wanaume wote wawili.

Jumatatu ile skrepa ilipelekewa giaboksi ya kutu. Zedekiah alilala kwenye vigae vya Karen akairudisha ile yake yenye Z, si kwa dakika kumi na nane. Ilimchukua saa tatu na mapumziko ya mgongo. Kwenye fomu akaandika: Injini, ya kiwandani. Giaboksi, ilibadilishwa njiani, Pasaka 1974, na mwenye sahihi hii.

"Chama watakubali?" Thuo akauliza.

"Wasipokubali, waje waongee na kuku."

Kisha akaomba nyundo, akatoa ponchi mfukoni, akarudi chini ya gari. Thuo akasikia pigo moja dogo. Alivua koti, akalala chali kando yake aione: Z, na nukta mbili.