Pikipiki Niliyoijaribia Stendini

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ushirika mjini Masasi sikukabidhiwa hata spana moja. Fundi Mkuu, mtu mfupi aliyepiga pasi ovaroli yake kila asubuhi, alinisimamisha mbele ya pikipiki ya bwana shamba, akanitaka niuvute mkono wa klachi kwa kidole kimoja na kumweleza ninachohisi. Nikasema sihisi kitu. Akaniamuru niendelee kuvuta hadi nihisi, nikavuta mpaka adhuhuri.

Alichotaka nikijue ni hiki: kabla waya wa klachi haujakaza, mkono ule hucheza kidogo bure. Mchezo huo ukizidi, klachi haiachii sawasawa. Gia huingia kwa shida, na nyutro, yaani hali ya kutokuwa katika gia yoyote, haipatikani injini ikiunguruma. Mchezo ukikosekana kabisa, klachi huteleza na kuungua. Wengi waliolalamikia gia za pikipiki mpya walihitaji kurekebishiwa waya huo tu, au kubadilishiwa oili, au kushushiwa kanyagio la gia lililofungwa juu mno.

Kanuni yake ya pili ilikuwa nzito zaidi. “Ikiwa stendini, tairi la nyuma linaelea,” aliniambia. “Hapo hata gia mbovu itaingia. Ipakie mzigo, uipandishe mlima wa Chiwata, ndipo uje uniambie imepona.” Kwa hiyo tulifunga magunia mawili ya mchanga nyuma ya kiti na kupanda mlima. Nilifanya hivyo miaka sita bila kuruka pikipiki hata moja.

Nilihamishiwa tawi la Newala, chini ya Meneja aliyejali zaidi usafi wa sakafu kuliko injini. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walishindania korosho, ushirika ukalemewa, na karakana yetu ikafungwa. Mfanyabiashara mmoja wa pikipiki akaniajiri kuziunganisha zilipotoka kwenye makasha. Tulimwita Mwenye Duka, naye hakupenda cheo kingine.

Msimu mmoja alikuja Baba Zuhura, mkulima wa Kitangari, pamoja na jirani zake watatu waliomtania njia nzima kwamba leo amevaa viatu. Alitaka pikipiki ya kupandishia maji kutoka bondeni, ili mkewe apumzike kubeba ndoo kichwani. Alipoiendesha hatua chache uani alisema gia ya pili inakataa kuingia. Niliiweka stendini, nikarekebisha waya wa klachi, nikapitisha gia zote. Zikaingia vizuri. Nikaomba niijaribu kwa mzigo.

“Niwie radhi, fundi,” alisema Baba Zuhura kwa upole. “Baba yangu amekwisha kutandika mikeka anatusubiri. Amesema asiipande mtu mwingine zaidi yangu kabla hajaisomea dua.”

Mwenye Duka alikuwa akinitazama. “Mkabidhi chombo chake,” akasema. “Kipya ni kipya.”

Nikamkabidhi, na nikatia saini kwamba pikipiki imejaribiwa. Sitaisingizia dua ya mzee yule. Agizo lake lilinizuia mimi, halikumzuia mwanawe. Ningeweza kumfungia magunia ya mchanga, nikamwomba aipandishe mwenyewe kilima cha nyuma ya duka huku nikisikiliza. Nilijua hivyo wakati ule ule. Nilichagua kutomuudhi tajiri wangu.

Wiki ya tatu, Baba Zuhura alikuwa akipanda kutoka bondeni, madumu mawili ya maji ubavuni na Mama Zuhura nyuma yake. Gia ya pili ikachomoka. Injini ikapiga kelele bila kuvuta, pikipiki ikarudi nyuma na kuwaangukia. Yeye alichubuka. Mkewe alivunjika mguu, na mguu ule ukaunga vibaya.

Walipoirudisha pikipiki nilifungua injini. Uma wa gia, kipande kinachoisukuma gia mpaka ishikane na mwenzake, ulikuwa umepinda, bila alama yoyote ya kugongwa wala kusagika. Ulitoka hivyo kiwandani. Nilimwonyesha Mwenye Duka. Akaufunika kwa kitambaa, akasema niandike kwenye cheti cha ukaguzi kwamba mpandaji alizidisha mzigo na hakujua kubadili gia.

Niliandika. Baba Zuhura alikisoma cheti kile polepole, akanishika mkono.

“Ahsante, fundi,” akasema. “Afadhali umenieleza ukweli.”

Nimesoma vitabu vingi juu ya haki na wajibu, na nimewasomea wanangu. Siku ile sikuufuata hata ukurasa mmoja. Niliendelea na kazi pale pale miaka kumi na minane.

Nilipostaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano, nilikwenda Kitangari. Nilimkuta Baba Zuhura barazani akikarabati jembe. Nikamweleza yote: stendi, saini, uma, cheti. Aliliweka jembe chini.

“Tangu siku ile sijaendesha chombo chochote,” alisema. “Na kila mwaka, mvua zikianza na mguu ukimuuma, namwomba mke wangu radhi. Sasa nenda ukamwambie mwenyewe. Yuko uani.”

Mama Zuhura alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua korosho, mguu mmoja ameunyoosha. Nilimwamkia, nikarudia maelezo yangu kwa maneno yale yale, kwa sababu nilihofia kwamba nikiyabadili nitayapunguza. Nilingoja anilaani, na ingekuwa haki yake.

Hakuniangalia. Alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni, akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo sikuwahi kulisikia, akasogea kidogo kumpa nafasi ya kukaa. Mzee akaketi kando yake. Mimi nilitoka bila kuagwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtaulizwa mara nyingi kama pikipiki imejaribiwa. Anayeuliza ataipakia watu wake.