Askari wa Kuliwa Bure

Enzi zetu pale Isiolo, chesi tuliicheza kwa vifuniko vya soda. Mwalimu Mwenda, aliyetoka Meru kutufundisha hesabu, alikuwa na seti moja ya kweli. Sisi wengine tulichora ubao kwenye katoni ya sabuni na kuandika majina ya kete juu ya vifuniko. Upepo ukivuma kutoka mnadani, wafalme waliruka mpaka kwa mbuzi, nasi mbio nyuma yao.

Mimi nilipenda ujanja mmoja wa mwenye kete nyeusi. Mwenye nyeupe akianza kwa askari wa malkia, ile kete ndogo iliyo mbele ya malkia, papo hapo namsukuma askari wangu wa mfalme mbele yake kimshazari, aliwe bure. Kisha malkia wangu anatoka kutega. Mwalimu aliukataza. "Amina, mtu akijua kuujibu, umekwisha." Baba yangu, mfanyabiashara wa mifugo, alichungulia siku moja, akaguna: "Ukitoa mbuzi kabla hujaulizwa bei, utarudi nyumbani na kamba tupu."

Siku ya mashindano ya shule, tulibaki wawili: mimi na Kendi, msichana mwembamba wa shule jirani. Mshindi angeenda Embu kwa mashindano ya mkoa, na mimi sikuwa nimewahi kuvuka Meru. Nilipewa kete nyeusi. Kendi akaanza kwa askari wa malkia. Nami nikamtoa wangu. Akamla. Mwalimu Mwenda akatoka nje, hakutaka kuona.

Malkia wangu akatoka, akampa mfalme wake cheki, yaani kumtishia, akamla askari wa upande ule. Kendi akaleta askofu wake kumfukuza, akatabasamu. Nami nikamleta askofu wangu, wake akawa hawezi kuondoka bila kumwacha mfalme wazi. Hatua mbili baadaye malkia wangu alikuwa safu yake ya nyuma, na mfalme wake hana pa kwenda.

Kendi alilia bila sauti. Nilidhani ningefurahi, wapi! Nikafungua kopo la nyirinyiri, nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwa samli, ambayo mama alikuwa amenifungia.

"Onja," nikamwambia.

Akatafuna kidogo. "Kwa nini ulinipa askari bure?"

"Hata mimi niliogopa utamkataa."

Akacheka huku machozi hayajakauka. Tulirudia mchezo ule mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshapata jibu, akanichapa vizuri. Embu nilienda, na huko pia nikachapwa kwa ujanja wangu uleule. Lakini likizo zote zilizofuata Kendi alikuja kwetu kucheza, na mama akamzoea kama mtoto wake.

Siku hizi binti yangu anacheza kwa simu. Anajua majina ya ujanja wote wa chesi, na wangu anauita kamari. Sibishi. Jana alishinda, nikamuuliza alikuwa anacheza na nani.

"Sijui, Mama."

"Na yeye amejisikiaje kushindwa?"

"Nitajuaje?" akasema, na kidole chake kilikuwa kimeshafungua mchezo na mtu mwingine.