Pikapu ya Mama Kikaango

Mtaani wanamwita Mama Kikaango, kwa sababu pikapu yake ikipita inaacha harufu ya chipsi. Wanaocheka wacheke. Mimi ndiye niliyemuuzia tangi la pili, akanibana bei mpaka nikaona afadhali nimpe bure aondoke dukani. Kwa hiyo namjua.

Pikapu ni ya dizeli, aliachiwa na marehemu mumewe. Kwa kubeba mizigo ya watu ndiko anakosomeshea watoto. Anawasha kwa dizeli; injini ikishapata moto, maji yake yanazunguka kwenye tangi la pili na kupasha mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi, anayoyaokota mahotelini na kuyachuja. Yakiwa mepesi, anageuza swichi. Ila kabla ya kuzima lazima arudi kwenye dizeli, mipira ya kupitishia mafuta isafishike. Ukisahau, mafuta yanaganda humo kwa baridi ya usiku.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliitolea macho pikapu hiyo. Akamlalamikia mama yao: gari la kaka linauawa kwa masalia ya jikoni. Mama mkwe akasema atakuja kulala ajionee; asubuhi lisipowaka, shemeji alichukue.

Jioni hiyo shemeji akaliazima akamlete mama.

"Ukifika, swichi kwanza, ndipo uzime," Mama Kikaango akamwambia.

"Shemeji, mimi nimeshika usukani wewe hata hujaolewa."

Asubuhi kulikuwa na baridi. Mama Kikaango alipowasha, pikapu ilikohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena. Shemeji akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Ufunguo wa nani? Mama, sogea hapa. Swichi imelala upande gani?"

Mama mkwe akachungulia. "Wa mafuta ya kupikia."

"Jana ameendesha nani?"

Shemeji akaurudisha mkono.

"Basi kalete birika la maji ya moto, shemeji. Maneno umeshaleta ya kutosha."

Akalileta, uso umemvimba. Mama Kikaango akarudisha swichi kwenye dizeli, akamwagia filta na mipira maji yale taratibu, akaketi, akawasha. Pikapu ikatetemeka, ikatema moshi, ikashika.

"Kumbe ugonjwa wa gari ni wewe," mama mkwe akamwambia mwanawe.

"Panda mama, nikurudishe."

Shemeji naye akashika kitasa.

"Wewe utaenda na nini?" Mama Kikaango akamuuliza. "Hili si limekufa?"

Akaondoa gari.