Bwana Harusi Aliyemchagua Koko

Kuna siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mpaka wajukuu wanadhani uzee umenipanda kichwani. Ni siku mchumba wangu alipokuja kwetu Masisi na mahari, akamchagua koko wangu, bibi aliyemzaa papa, baba yangu, mzee wa meno matatu. Nakuhadithia wewe, mwanangu, kwa sababu nimesikia Jumamosi unaenda Lushebere kuoa, na rafiki zako nawajua.

Bahati alikuwa anauza katika duka la tajiri mmoja wa Butembo, kule Mubi. Nilimpenda, mwanangu! Nilimpenda mpaka nikawa nasahau chumvi kwenye maharagwe. Siku ya mahari alikuja na rafiki zake kwa kamyo, lori la mizigo, na njiani wakamwambia, "Kaka, bila kakikombe hautaweza kusimama mbele ya wakwe." Akanywa kanyanga, ile pombe kali ya kupikwa, na kakikombe kakazaa wenzake. Alipofika hakuogopa mtu. Alimkumbatia papa, akawakumbatia na mbuzi aliowaleta mwenyewe. Koko alipompa mkono alinusa pumzi yake, akaingia ndani.

Desturi yetu unaijua: wasichana wanafunikwa vitenge toka kichwani mpaka miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anapaswa kumtambua wake bila kugusa. Koko akamtoa binamu yangu kwenye mstari, akajifunika mwenyewe, akasimama kando yangu. Nilimsikia anacheka chinichini.

Bahati hata hakutuangalia. Alikuja mbio akapiga kelele, "Njo huyu, ni yeye! Moyo yangu inamujua!"

Wakafunua kitenge. Koko akamwambia, "Asante, bwana yangu. Niko tayari, twende Mubi. Lakini utanibeba, magoti inaniuma."

Weee! Watu walicheka wakaanguka, wengine wakashikilia mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, isimwagike. Papa peke yake hakucheka. Aliamuru mbuzi warudishwe kwenye kamyo, akasema hawezi kumpa binti yake mtu asiyemjua. Nami nikalia ndani ya kitenge changu, maana nilijua papa akisema amesema.

Koko njo aliyeniokoa. "Usimufukuze," alisema. "Pombe haina kosa, hata hii kasiksi tutakunywa wote tukimaliza. Shida yake, mutoto huyu alikunywa ili asikuwe hapa. Alale. Kesho asubui arudi na woga wake."

Papa alikubali kwa shingo upande, lakini akaapa: akikosea tena, hakuna ndoa.

Asubuhi tukafunikwa tena. Haki ya Mungu, niliogopa! Kutoka chini ya kitenge niliona viatu vyake tu, vikija polepole. Vikampita wa kwanza, vikampita wa pili, vikasimama mbele yangu. Akakaa pale hata wajomba wakaanza kukohoa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyu anatetemeka sawa mimi. Njo yeye."

Papa alinifunua kwa mkono wake. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na Bahati jasho linamtiririka. Tuko pamoja mpaka leo. Kikombe chake cha kasiksi anakunywa siku ya sikukuu, na akinywa anaongea na mimi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wanasema macho hayana pazia, lakini pombe inaweza kuyashonea pazia zito kuliko kitenge chochote. Sikukatazi kikombe cha furaha, kazi ikiisha na watu wakiwa wamekaa pamoja. Nakukataza kile unachokunywa ili uikimbie saa yako mwenyewe. Bahati alipoufukuza woga wake kwa pombe, hakuweza kuuona wangu. Wahenga hawakukosea: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ulimi ukikauka mbele ya wakwe, uache ukauke. Vuta pumzi, umtazame aliye mbele yako.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mke mwema, na watoto, na mvua ya kutosha kwenye maharagwe yako. Na Jumamosi, ukisimama mbele ya wale wasichana, kabla ya yote hayo, akupe woga.