Kalunguyeye wa Mwalimu Ollerenshaw

"Hongera, mwenzangu! Nasikia Tamsin kavunja ungo."

Maureen wa nyumba ya pili alisema hayo huku akiburuta pipa la taka, sauti juu, kama anatangazia mji mzima wa Oldham. Leanne akashusha kikombe cha chai.

"Nani kakwambia?"

"Mjukuu wangu, si wako darasa moja? Anasema Mwalimu Ollerenshaw ndiye aliyempa pedi. Watoto wanamwambia kila kitu yule mama. Kumbe hujui? Basi mimi sijasema."

"Najua, tena siku nyingi," Leanne akadanganya, akaingia ndani.

Roho ilimuuma. Tamsin wake! Asubuhi ile ile alikuwa amemsuka nywele, na mtoto hakufungua kinywa. Siri kampelekea mwanamke mwingine.

Mwalimu Ollerenshaw hakuwa na mtoto. Alikuwa na paka wawili na sweta moja la kijivu la kila siku. Alifundisha lile somo ambalo wazazi wengine hulicheka, la mwili, hasira, urafiki na kukua. Kila Ijumaa watoto walikaa kwa duara, wakapokezana kalunguyeye wa kitambaa, kile kinyama cha miiba, aliyechakaa pua. Aliyemshika ndiye anayesema, wengine kimya. Tamsin alikuwa akimtaja kalunguyeye huyo mezani kila siku, hadi Leanne akamchukia kama mke mwenza.

Jioni alisukuma kigari cha kichanga chake kwenye manyunyu hadi shuleni. Mwalimu alikuwa akipanga viti.

"Mwanangu ana mama," Leanne alisema, hata salamu hakutoa.

Mwalimu akamtazama, akachukua kalunguyeye rafuni, akamwekea mikononi. "Sema, mama Tamsin. Sikukatizi."

Leanne alitaka kumtupa sakafuni. Badala yake akasema. Kwamba alishanunua kibegi cha maua, akatia pedi, chupi mpya na chokoleti, akakificha kabatini tangu kiangazi. Kwamba alishajua hata atakavyomkumbatia. "Ilikuwa siku yangu, mwalimu. Umeninyang'anya." Akangoja aambiwe pole, au anyamazishwe. Mwalimu alinyamaza tu, macho yake hayakumwacha, mpaka Leanne mwenyewe akamrudisha kalunguyeye mezani.

"Nilimwambia aje kwako," mwalimu akasema taratibu. "Akasema alishajaribu. Alianza, 'Mama, tumbo…' Ukamwambia ni kula haraka, ukageuka kumbembeleza mdogo wake."

Leanne aliikumbuka siku ile. Mkate ulikuwa unaungua, kichanga kinalia. Tamsin alikuwa amesimama mlangoni kwa muda, kisha akapanda juu chumbani.

Mwalimu akamlaza kalunguyeye ndani ya kigari, miguuni pa kichanga.

"Nenda naye. Toa na kibegi chako, bado ni chako. Ila nakuomba kitu kimoja, mama Tamsin. Binti yako akishamshika huyu, usimmalizie maneno yake. Hata akinyamaza, mngoje."