Agosti Bila Kelele

Ukitaka kujua watoto wa jiji hili wanavyotumia likizo, usimwulize mwalimu, mwulize mlinzi wa usiku. Sisi ndio tunaofungua geti. Langu ni la maghorofa upande wa Lavington, na mwenzangu wa zamu ya mchana ni mtu wa kuchelewa, kwa hiyo asubuhi za Agosti huwa bado niko pale, macho yanawasha, watoto wakianza kutoka. Huyu ana begi la kuogelea. Yule amevaa kofia ngumu ya kupandia farasi, naye anasinzia kwenye kiti cha nyuma. Kuna familia iliyofunga baiskeli juu ya gari, baba yao akaniambia wanaenda Naivasha kuziendesha, kana kwamba barabara za hapa zimeisha. Mama mmoja alisimamisha gari akaniuliza kama mimi huona watoto wake wamechoka, maana shughuli za likizo zimewazidi. Nikamwambia wanaonekana wazima. Mimi nilikuwa nimesimama tangu jioni, lakini habari yangu hakuiuliza.

Nikishapokewa zamu natembea hadi nyumbani Kawangware, nakunywa chai, nalala. Shule zikiwa wazi hilo si tatizo. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na ukuta ni wa mabati. Jirani akikohoa unaweza kumwambia pole bila kuinua sauti. Lakini saa za shule ploti yetu, vyumba vyote vya kupanga, huwa imetulia, na mtu anaweza kulala hadi alasiri. Shida ni Agosti. Watoto wangu watatu hurudi katika chumba kile kile ninacholala. Binti ndiye mkubwa, yuko gredi ya tano. Mvulana anayemfuata yuko gredi ya pili. Kitinda mimba hajaanza shule, na kazi yake duniani ni moja tu, kuuliza maswali.

Miaka mingine tuliwapeleka Kitui kwa mama yangu, wakarudi wamenenepa na wamepasuka visigino. Mwaka huu miguu ya mama ilikuwa imekataa, akachukuliwa na dada yangu aliyeolewa Machakos, na boma likatiwa kufuli. Huwezi kupeleka watoto likizo kwenye kufuli.

Mke wangu anauza mitumba ya watoto katika soko la Toi. Wiki ya kwanza alikwenda nao. Baridi ya Agosti mnaijua, ile ya mawingu yaliyoinama kutwa nzima, na kitinda mimba aliona lundo la sweta likiwa na joto kuliko benchi, akaingia chini yake na kulala. Mteja mmoja aliyekuwa anachambua sweta alishika mguu. Nasikia alipiga yowe lililofika barabara ya Ngong, na hakurudi tena kununua.

“Mimi nauza nguo za watoto,” mke wangu aliniambia jioni hiyo nikijifunga mkanda wa yunifomu. “Watoto wenyewe siuzi. Kesho wanabaki na wewe.”

“Na mimi si nalala?”

“Basi lala. Wao wako na macho, watajiangalia.”

Sikubisha. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na yeye alikuwa amefanya zote mbili, na bado anabeba marobota. Lakini niliogopa, tena niliogopa kweli. Mwezi wa Julai supavaiza wa kampuni yetu alikuwa amenikuta getini nimeinamisha kichwa. Hakuniamsha. Alitoa simu akanipiga picha, ndipo akanigusa bega na kunionyesha jinsi nilivyotoka vizuri. Akasema picha ya pili sitaonyeshwa, nitaonyeshwa mlango. Kazi hiyo ndiyo inayolipa nyumba. Mtu asiyelala mchana atalala usiku, hilo halina ujanja, na mchana wangu wote sasa ulikuwa mikononi mwa watoto watatu.

Jambo la ajabu ni kwamba nililala. Siku ya kwanza nililala hadi jua la saa nane likaingia kwenye tundu la mabati. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki ikapita, nikawa nafika kazini macho makavu, nimesimama wima. Nikaanza hata kujisifu. Niliwaambia walinzi wenzangu kuwa watoto wa siku hizi hawana shida, shida ni wazazi wasiojua kuwashika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, niliwaambia, nikajiona mtu mkubwa. Walinitazama tu. Wengine wao walikuwa na watoto wengi kuniliko, na usingizi hawana.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Msemo huo nilikuwa nikiujua tangu shule ya msingi, lakini haukunijia akilini.

Siku moja niliamka mapema kwa kiu. Mtungi wa maji huwa karibu na mlango, na nilipoinama kuteka nilisogeza pazia la mlango kidogo nitazame kama kumenyesha. Nje watoto walikuwa wanacheza blada, ule mchezo wa mpira mrefu uliokatwakatwa kutoka tyubu za baiskeli, wawili wanaunyoosha kwa miguu na wa katikati anaruka. Hawakuwa wangu peke yao, ilikuwa ploti nzima, watoto wa kila mlango. Mchezo huo nimeujua tangu nilipofika Nairobi, na haujawahi kuchezwa bila kuimba na kugombana. Hawa walikuwa wanaruka midomo imefungwa. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni, anahesabu kwa vidole. Anayeruka akikosea, anamwonyesha kidole, naye anatoka bila kubisha. Walipofurahi walipiga makofi kwa kugusanisha vidole tu. Msichana mmoja alicheka kidogo, kale ka kicheko ka puani, na binti yangu akamtoa mchezoni.

Nilisimama pale na kikombe. Kwanza niliona kama kichekesho. Ndipo mvulana wangu akaingia katikati, akaruka, mguu ukanasa kwenye mpira, akaanguka kwa goti juu ya kokoto. Hata kutoka pale mlangoni niliona damu. Akafungua mdomo wote, mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakatiririka, na sauti haikutoka. Alikuwa anatazama mlango wetu. Mtoto wa miaka saba alikuwa analia, na kilio chake alikuwa anakimeza ili nisiamke. Dada yake alimkumbatia, akamziba uso kwenye tumbo lake, akambeba hadi nyuma ya choo. Ndiko walikokuwa wanapelekana kulia.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilitoka nje na kaptura ya kulalia, na watoto wote wakatawanyika kama wezi waliofumaniwa. Nilimkuta binti yangu nyuma ya choo akimfuta ndugu yake goti kwa mate.

“Dadi, rudi ulale,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Ni saa sita tu.”

“Nani amewaambia msipige kelele?”

“Hakuna mtu.”

“Na hiyo blada ya mabubu?”

Aliendelea kufuta goti. “Ni mimi. Nimewaambia ukitoa sauti umetoka. Wamekubali. Mathe wa mlango wa pili alisema ni poa.”

“Kwa nini?”

“Nilisikia ukiambia mathe vile ulipigwa picha. Wakikupiga ingine si watakufuta?”

Tulikuwa tumelizungumza hilo mimi na mke wangu upande wetu wa pazia, kwa sauti ya chini, tukidhani watoto wamelala. Pazia ni kitambaa. Na mtoto wa gredi ya tano alikuwa amelichukua neno lile akalifanya kazi yake ya likizo. Wenzake wa Lavington wana mwalimu wa kuogelea na farasi, yeye alikuwa na usingizi wa baba yake, na alikuwa anaulinda vizuri kuliko mimi ninavyolinda geti. Nilitaka kumwambia aache. Lakini nikijua kwamba jioni ile ningevaa yunifomu, nilirudi ndani nikalala, na usingizi ukaja. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba ulikuja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nilimwambia mke wangu nitawatoa watoto, niwapeleke mahali wapige kelele mpaka sauti ziwakauke.

“Na utalala saa ngapi?” akauliza.

“Silali.”

“Wewe na huo usingizi utanipotezea watoto.” Lakini asubuhi nilipotoka kazini nilikuta amewaogesha na kuwapaka mafuta mpaka wanang’aa, na yeye mwenyewe ameshatangulia sokoni.

Tulipitia Toi kumsalimia. Manyunyu yalikuwa yameanza, akachomoa sweta ya kijani kwenye lundo akamvalisha binti, akawafunga wadogo kofia za sufu, akatupatia mahindi ya kuchemsha tuende nayo. Uwanja tuliokuwa tunaendea uko upande wa Kibera, mwendo mfupi kutoka sokoni. Likizo zikifika kuna kijana huleta pale lile jumba la mpira la kurukia, linalojazwa upepo kwa jenereta, limezungushiwa wavu watoto wasianguke. Linasikika kabla halijaonekana. Watoto waliokuwa ndani walikuwa wanapiga mayowe kama wanaochinjwa, na nilifurahi, nikasema hapa ndipo.

“Viatu nje, buda,” kijana akaniambia akipokea pesa. Wangu walivipanga viatu vyao sawasawa, wakaingia.

Wakaanza kuruka midomo imefungwa.

Nilidhani ni woga wa mwanzo, nikangoja. Pande zote watoto wa watu walikuwa wanapasua hewa, na wangu watatu wako katikati wanapanda na kushuka, nyuso zimekazwa. Hata kijana wa jenereta aliliona hilo.

“Buda, hawa wako sawa? Wanaruka ni kama wako kanisa.”

Nilikwenda hadi kwenye wavu. “Pigeni kelele!” nikawaambia, na nadhani nilipaza sauti kupita kiasi, kwa sababu kila mzazi aligeuka. Binti yangu alikuja akashika wavu.

“Dadi, unatuaibisha.”

“Piga kelele nisikie.”

Alinichunguza. “Unaskia usingizi?”

“Hapana.”

“Macho yako ni nyekundu.”

“Ni vumbi.”

“Kunanyesha, dadi. Hakuna vumbi.”

“Leo ni off,” nikamwambia. “Usiku siendi. Hakuna mtu wa kunipiga picha. Umeskia?”

Alirudi katikati, akageuka mara mbili kunitazama. Mimi nikaenda kukaa kwenye jiwe, kando ya mama mmoja aliyekuwa na mwavuli na watoto wake wawili mle ndani. Nilikaa mgongo wima kama siku ya kukaguliwa. Usingizi wa mtu aliyekesha ni mjanja sana. Hauji na miayo, unaanza kwa kukuambia funga jicho moja tu. Nilijifinya paja. Nilimsimulia mama yule habari za mvua ambazo hakuziuliza. Nilijua nikiinamisha kichwa mara moja, yule binti yangu ataniona, na hapo yamekwisha, atawanyamazisha hata watoto wa wenyewe.

Kitinda mimba ndiye aliyeanza. Aligongwa na mtoto mwingine, akaanguka kifudifudi kwenye mpira, akarushwa juu, akacheka kwa sauti. Alitazama dada yake. Dada yake hakumwonyesha kidole. Basi akacheka tena, kwa makusudi. Mvulana wa goti akamfuata, akaanza kutoa mlio kama wa pikipiki, akizunguka kwenye kuta. Nilishusha pumzi. Mawingu yalikuwa yameshuka chini zaidi na watoto wengine walikuwa wameongezeka, sikuweza tena kupambanua nani ni nani mle ndani, vichwa tu na kofia.

Ndipo ikapanda nduru moja juu ya zote. Ilikuwa nyembamba, ndefu, isiyo na neno ndani yake, ikashuka, ikapanda tena yenye kicheko. Watu walitabasamu. Mtoto mwenye mapafu kama yale huwa anasumbua ploti nzima, niliwaza, na nikamwonea baba yake huruma.

“Huyo anayepiga nduru hivyo ni wa nani?” nikamwuliza yule mama, ilimradi tu niendelee kuongea nisilale.

Aliinua mwavuli akachungulia. “Yule wa sweta ya kijani,” akasema. Kisha akanigeukia. “Si ni wako? Mmekuja naye.”

Nilisimama. Alikuwa katikati, mikono juu, kichwa amekitupa nyuma, hanitazami hata kidogo. Nimekaa na mtoto huyo chumba kimoja tangu azaliwe. Najua kikohozi chake, najua anavyovuta miguu akienda kuoga, na sauti yake hiyo sikuijua. Niliona aibu, na furaha ikaja juu ya aibu, na kwa mara ya kwanza mwezi ule sikusikia usingizi.

Kijana wa jenereta alipiga makofi kuwaita watoke, zamu yao ilikuwa imeisha.

“Waache kwanza,” nikamwambia, mkono ukitafuta mfukoni. “Ndio naanza kumskia.”